“Get” ina maana ngapi hasa, na mtu mzima aijifunzeje?

*“Shikamoo mwalimu. Nimejifunza Kiingereza ukubwani, na sasa kazini nakitumia kila siku, kwa kuandika na kwa kuzungumza na wateja. Kinachonishinda ni kitenzi ‘get’. Nimefungua kamusi nikakuta maana zake zinajaza kurasa. Nikaanza kuzikariri, lakini nikifika mbali kidogo nimeshasahau za mwanzo. Juzi bosi amenirudishia barua, akasema ‘get’ ni neno la mtaani, nisiliandike. Halafu kuna ‘gotten’: shuleni nilikatwa alama kwa kuiandika, ila Wamarekani ninaowasiliana nao wanaiandika bila wasiwasi. Neno hili limetoka wapi, kwa nini lina maana nyingi hivi, na mtu kama mimi alijifunze vipi?”*

Marahaba. Jambo la kwanza, acha kukariri ile orodha. Hujashindwa kwa sababu kichwa chako kizito. Umeshindwa kwa sababu orodha ya kamusi haikutengenezwa ili ikaririwe. Mtunga kamusi hukusanya mazingira yote ambamo neno limeonekana, akayapa namba. Wewe ukiziona namba unadhani ni maneno tofauti yaliyofanana sura, kama paa la nyumba na paa wa porini. Sivyo. Karibu namba zote za “get” zina wazo moja ndani yake, na wazo hilo unalijua tangu utotoni, maana Kiswahili kina kitenzi kinachokaribiana nalo mno: “pata”.

Hebu kitazame “pata” kwa jicho la mgeni. Amepata kazi. Amepata homa. Amepata ajali. Sijapata kumwona. Kisu hiki hakipati. Sasa yapata miaka kumi. Nimekupata, yaani nimekuelewa. Mgeni akifungua kamusi yetu ataona orodha ndefu, atakata tamaa kama ulivyokata wewe. Lakini wewe hukuwahi kukariri hata mstari mmoja wa orodha hiyo. Ulisikia neno likitumika, ukashika wazo, mengine yakajipanga yenyewe.

Neno lenyewe lina safari ndefu. “Get” haikuanza Uingereza. Ni neno la Kinorse cha kale, lugha ya Waviking, mabaharia wavamizi wa Skandinavia, na kwao lilikuwa “geta”. Waviking walivamia monasteri ya Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 793, na wengi waliokuja baada ya hapo hawakurudi kwao: walilima, wakaoa, wakawa majirani wa Waingereza wa kaskazini na mashariki. Mwaka 1016 mfalme wa Uingereza yote alikuwa Mdenmark, Cnut. Lugha mbili zilizokaribiana kiasi cha watu kuelewana nusu nusu ziliishi pamoja kwa vizazi, na Kiingereza kikabaki na maneno ya nyumbani kabisa ya Kinorse: “take”, “egg”, “sky”, “law”, hata kiwakilishi “they”. “Get” ni mojawapo, na katika maandishi ya Kiingereza inajitokeza karibu na mwaka 1200.

Waingereza wenyewe walikuwa na ndugu wa neno hili, ila alikuwa hatembei peke yake; daima alibandikwa kiambishi mbele. Walikuwa na “begietan”, iliyokuja kuwa “beget”, kuzaa. Walikuwa na “forgietan”, iliyokuja kuwa “forget”, kusahau, kana kwamba mtu amekipoteza alichokuwa amekipata. Walikuwa pia na “ongietan”, kuelewa, ambayo imekufa. Ile “g” yao ilitamkwa karibu na “y”, na yapo maandishi ya zamani yanayoandika “foryeten”. Sauti nzito ya “g” tunayoisikia leo ni alama ya Wanorse.

Mzizi wa mbali zaidi unarudi kwenye lugha mama ya Ulaya na sehemu ya Asia, ambako ulimaanisha kushika, kukamata. Kilatini nacho kilirithi mzizi huo huo katika “prehendere”, kushika, na humo ndimo yalimotoka “comprehend”, kuelewa, na “prison”, gereza. Kwa hiyo kushika kwa mkono na kushika kwa akili vimekuwa pamoja tangu zamani sana. Mtu akisema “I don't get it” anafanya kile kile unachokifanya wewe ukisema “sijakupata”. Nchini Iceland hadi leo “geta” ni kitenzi cha kusema mtu anaweza kufanya jambo. Kwetu nako, “nilipata kuzungumza naye” ni kwamba nilijaliwa, nafasi ilitokea. Kiingereza kinasema hivyo hivyo: “I got to speak with her.” Hapo unaweza kutafsiri neno kwa neno, na ni nadra kupewa zawadi kama hiyo katika lugha ya kigeni, kwa hiyo itumie.

Sasa lile wazo moja. “Get” ni kuvuka kizingiti: ulikuwa upande wa huku, sasa uko upande wa pili. Upande wa pili unatajwa na neno linalofuata. Likifuata jina la kitu, umevuka kutoka kutokuwa nacho hadi kuwa nacho: “get a letter”, kupata barua. Ikifuata mahali, umevuka kutoka kutokuwepo hadi kuwepo: “get home”, kufika nyumbani. Ikifuata sifa, umevuka kuingia katika hali hiyo: “get angry”, kukasirika. Ndiyo maana “get” yenyewe haina uzito mkubwa. Macho yako yawe kwenye neno la pili.

Na hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapojikwaa, kwa sababu “pata” inatuacha njiani. Hatusemi “kupata hasira” kila tunapotaka kusema mtu alikasirika, wala “kupata nyumbani”. Sisi kuvuka huko tumekuweka ndani ya kitenzi chenyewe, mara nyingi mkiani: kasirika, vunjika, potea, choka, zoea, lewa, pona. Mwingereza ana sifa peke yake, na anahitaji kitenzi cha kumvusha. Kwa hiyo kazi ambayo sisi tunaifanya kwa mnyambuliko, yeye anaifanya kwa “get”. Ukilishika hili, nusu ya ile orodha imekwisha.

Tazama viambishi vyetu vya wakati vinavyokupa ufunguo. “Ninachoka” na “nimechoka” si kitu kimoja: la kwanza uko njiani kuelekea uchovu, la pili umeshafika. Kiingereza kinatenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili. “I am getting tired” ni ninachoka. “I am tired” ni nimechoka. “Ninazoea” ni “I am getting used to it”, “nimezoea” ni “I am used to it”. Kwa vitenzi vya hali vya namna hii, unapojiuliza kama utumie “be” au “get”, sema sentensi kwanza kwa Kiswahili usikie. Ikija “-me-”, hali imeshakaa, tumia “be”. Ikija “-na-” ya jambo linaloendelea, au “-li-” na “-ka-” za tukio lililotokea, mara nyingi unahitaji “get”.

Makosa ninayoyasahihisha zaidi yanatoka hapo hapo. Mtu anataka kusema “tulipotea njiani”, anaandika “we lost on the way”. Mwingereza akisoma anaelewa kwamba mlishindwa, labda kwenye mchezo. Inatakiwa “we got lost”. Mwingine anataka kusema “niliamka, nikavaa, nikatoka”, anaandika “I woke up, wore and left”, na msomaji anabaki akisubiri kuambiwa kilichovaliwa, kwa sababu “wear” haiwezi kusimama bila nguo kutajwa. Mwingereza angesema “I got dressed”. “Giza likaingia” ni “it got dark”. “Walifunga ndoa mwaka 2010” ni “they got married in 2010”. Ukiandika “they were married in 2010” hujakosea sarufi, ila umemwachia msomaji njia mbili: huenda harusi ilikuwa mwaka huo, huenda wakati huo walikuwa tayari ni mume na mke. “Got” inaifunga njia moja. Mtu akikwambia kwamba neno hili ni la uvivu, mkumbushe mfano huu.

Kuna kosa moja la aina nyingine ambalo nalipenda kulieleza, maana halionekani hata ukilitazama. Kwa Kiswahili tunasema “nimenyoa nywele” au “nimetengeneza simu” hata kama kazi yote ameifanya kinyozi au fundi. Kila mtu anaelewa. Ukiandika “I repaired my phone”, Mwingereza anaelewa kwamba wewe mwenyewe ulikaa na bisibisi ukaifungua. Atakusifu, na utashangaa sifa hizo ni za nini. Kama uliipeleka kwa fundi, sema “I got my phone repaired”. Mpangilio wake ni “get”, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu, lile la “done” na “written”. Wewe ndiye uliyesababisha, mkono ni wa mwingine. Jirani yake ni “I got him to sign”, nilifanikiwa kumfanya asaini, na ndani yake mna harufu ya juhudi: huenda alisitasita, ukambembeleza. Hapo ile “to” usiiache. “Make” haitaki “to”, “get” inaitaka: “I made him sign”, “I got him to sign”. La kwanza lina shinikizo, la pili lina ushawishi.

Utakutana pia na “get” ikichukua nafasi ya “be” katika kauli ya kutendwa: “he was fired”, “he got fired”. Zote ni “alifukuzwa kazi”. Matumizi haya yamekuwepo tangu karne ya 17, kwa hiyo usiyaone kama uchafu wa juzi. Tofauti ni ya hisia. “Got” humleta karibu yule aliyepatwa na jambo, na mara nyingi hudokeza kwamba ni baya, au kwamba mwenyewe alijiingiza kwa kiasi fulani. Kiswahili kina “patwa na” inayokaribia, lakini hailingani kikamilifu, na sitakudanganya kwamba inalingana. Kanuni yangu ya kazini ni hii: kama unaandika ripoti kuhusu mtu aliyekamatwa au kuumia, andika “was”, usije ukaonekana unamlaumu. Ukisimulia kwa mdomo, “got” ni sawa kabisa. Na kuna vitenzi ambavyo haviipokei, hasa vya kujua na kuona mambo yasiyobadilika. “The answer got known” inakwaruza sikio.

Tufike kwenye “gotten”. Aliyekukata alama huenda alifuata Kiingereza cha Uingereza, na kwa mtihani wa namna hiyo alikuwa na sababu. Lakini kama alikwambia kwamba ni kosa la Wamarekani, hilo si kweli. “Gotten” ni umbo la Waingereza wenyewe. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, inamnukuu Hawa akisema baada ya kumzaa Kaini: “I have gotten a man from the LORD.” Biblia ya Kiswahili mahali hapo imeweka “nimepata”. Waingereza waliohamia Amerika katika karne hiyo hiyo walilibeba neno. Waliobaki nyumbani wakaliacha polepole, ila hawakulimaliza: bado wanasema “forgotten”, na mali ya haramu wanaiita “ill-gotten”. Kwa hiyo Mmarekani hapa ndiye aliyetunza cha zamani.

Na amekitunza kwa faida. Kwa Mmarekani, “I've got a car” ni nina gari. “I've gotten a car” ni nimepata gari, nimelinunua au nimepewa. “I've got to go” ni lazima niende. “I've gotten to go” ni nimewahi kupata nafasi ya kwenda. Mwingereza anatumia “got” kwa yote na kuuachia muktadha uamue. Ukiwaandikia Wamarekani, “gotten” itumie bila hofu, mradi usiiweke mahali pa “nina” au “lazima”. Ukiwaandikia Waingereza, au kwenye mtihani unaofuata kanuni zao, andika “got”. Kinachoudhi ni kuchanganya zote mbili ndani ya barua moja.

Huenda umejiuliza ilikuwaje “have got”, ambayo kwa umbo ni “nimepata”, ikawa na maana ya “nina”. Jibu liko katika lugha yako. “Nimevaa kofia” kwa umbo ni tendo lililokamilika, lakini ukilisema unamaanisha kofia iko kichwani sasa hivi. “Nimesimama” ni kwamba niko wima. Tendo limekwisha, matokeo yake yapo. Waingereza nao walisema “nimepata kitabu” mpaka masikio yao yakasikia tu “kitabu ninacho”. Kisha katika mazungumzo ya haraka “have” ikamezwa, ikabaki “I got a question” na “I gotta go”. Hizi zisikie, zielewe, uziseme na marafiki ukipenda, ila usiziandike kazini.

Sasa bosi wako. Ana hoja, ila ameikuza. “Get” si neno la mtaani. Ni neno la kila mahali, na hata barua nzuri za ofisini huwa nalo. Anachokihisi, nadhani, ni hiki. Tuseme uliandika: “I got your email on Monday and got the forms signed. We are getting ready for the meeting and will get back to you.” Hakuna kosa la sarufi hata moja, lakini kitenzi kimoja kimebebeshwa mizigo minne, na msomaji anachoka. Ijaribu hivi: “I received your email on Monday, and the forms have been signed. We are preparing for the meeting and will get back to you.” Ya mwisho nimeiacha makusudi. “Get back to you” imekubalika maofisini kote, na ukiibadilisha kwa neno zito utasikika kama unasoma hati ya mahakama. Kwa maandishi rasmi, basi, uwe na “receive”, “obtain”, “become”, “arrive” na “understand” karibu, uzitumie pale zinapokaa vizuri. Usizilazimishe. Mafua hayawi “obtained”, na hakuna anayesema “they became married”. Katika kuongea fanya kinyume: ukikwepa “get” utaeleweka, lakini watu watakuona mkavu, na wateja hawapendi kuzungumza na mtu mkavu.

Limebaki lile kundi la “get up”, “get over”, “get by”, “get away with”, “get along”. Hapa wazo la kuvuka linasaidia kidogo tu: “get over” ugonjwa ni kuuvuka ukapona, “get by” ni kupita hivyo hivyo, kujikimu. Mengine yamekauka yakawa nahau, na nahau inajifunzwa moja moja, pamoja na sentensi uliyoikuta nayo. Zingatia pia kwamba Mwingereza husema “we get on” akimaanisha wanaelewana, na Mmarekani hupendelea “we get along”.

Namna ya kujifunza: chukua daftari, na kila unapokutana na “get” katika barua pepe halisi za kazini kwako, iandike sentensi nzima, kisha chini yake andika ungesemaje kwa Kiswahili. Usiandike maana, andika sentensi. Utaanza kuona makundi yakijitenga: hapa ni “pata”, hapa ni “fika”, hapa ni mkia wa “-ika”, hapa kuna fundi nyuma ya pazia. Chache kwa siku zinatosha, mradi ziwe za kweli na zimetoka kwa watu unaofanya nao kazi.

Daftari, hata hivyo, halina masikio. Ukiona wateja wanakuuliza mara mbili mbili unapoongea, au unaelewa ukisoma lakini “gotta” na “get it” zinakupita zikisemwa haraka, tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, akusikilize na akurekebishe papo hapo. Jibu la kuandikwa haliwezi kukufanyia hilo. Ukiwa unajiandaa kwa mtihani, muulize mwalimu wa mtihani huo mapema wanafuata Kiingereza cha upande gani. Na ikitokea “get” au “have got to” imo ndani ya mkataba au barua ya kisheria unayotakiwa kuisaini, usiitegemee daftari wala usinitegemee mimi. Mpelekee mwanasheria au mfasiri mwenye sifa, kwa sababu katika karatasi ya namna hiyo tofauti ya “nimepata” na “lazima” inaweza kukugharimu.